Wimbo Uliokatwa Katikati

Katika miji yetu ya Kivu wako waimbaji wa namna mbili. Wengine huimba maneno waliyotungiwa, au hufuata ngoma tu ili watu wapate kucheza. Wengine hukaa peke yao na gita, hutafuta neno lao wenyewe, hulitilia sauti yao wenyewe, kisha husimama mbele ya watu na kulisema. Hao wa pili ndio waimbaji watungaji. Kazi yao yafanana na kazi ya shahidi: hawawezi kusema, "Maneno haya si yangu." Basi twapenda leo kuipima kazi hiyo kwa jambo tuliloliona na kulisikia sisi wenyewe huko Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kwenye njia iendayo Sake.

Labda wengine watauliza: Mwalimu wa dini ana shauri gani na konseri? Twajibu kwamba waimbaji wengi wa mji wetu walijifunza kushika sauti katika kwaya za parokia. Si jambo geni. Mwaka 1958 Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliwaongoza watoto na walimu wa Kamina katika Missa Luba, Misa iliyoimbwa kwa sauti za nchi, na kundi lile lilisafiri hata Ulaya. Lokua Kanza, aliyezaliwa Bukavu mwaka ule ule wa 1958, aliimba kanisani katika ujana wake kabla ya kujulikana duniani kwa gita na sauti yake ya upole. Mtoto akitoka nyumbani mwetu na kwenda kuimba barabarani, si vizuri tumkatae kabla ya kumsikiliza.

Tena, Kiswahili cha Kongo kina wazee wake katika kazi hii. Mkubwa wao ni Mwenda Jean-Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akamnasa sauti. Wimbo wake "Masanga" ulienea Afrika nzima, na mwaka 1969 alikwenda kupiga gita lake kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990. Mwenda alipiga gita kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, lakini msikilizaji alidhani wako watu wawili. Hakuwa na mashine kubwa za sauti. Kila neno lilisikika, kwa kuwa gita lilijua kunyamaza mahali pa neno. Hicho ndicho kipimo chetu. Hatusemi kwamba vijana wa leo waimbe kama wazee wa 1952. Kila kizazi kina ngoma yake. Twasema tu kwamba mtungaji asiyesikika maneno yake amefanya kazi bure.

Sasa tuje Keshero. Ilikuwa mwaka 2024, kabla vita havijaingia mjini. Konseri iliandikwa saa kumi za jioni, ikaanza saa kumi na mbili na nusu. Ukumbi ulikuwa mdogo, sakafu yake ni mawe meusi ya volkano yaliyosawazishwa kwa saruji, na viti vya plastiki havikutosha. Karibu nasi alikaa kijana mmoja asukumaye chukudu, mkristu wa mtaa wetu. Alijua nyimbo zote za mwimbaji yule kwa moyo. Alikuwa amebeba viazi na makaa siku mbili ili alipe tiketi mbili, yake na ya mama yake mdogo, mkimbizi wa Masisi aliyekaa wakati ule katika kambi ya Bulengo. Tulipomwuliza kwa nini asiweke fedha ile akiba, alijibu, "Mwalimu, huyu anaimbaka mambo yetu. Nilitaka mama asikie."

Jibu hilo lilitufundisha mengi juu ya mshabiki. Watu wengi humdharau. Humwona kama mtu wa kupiga kelele na kupoteza fedha. Kumbe mshabiki wa kweli ni msikilizaji aliyetangulia: amekwisha kusikia, naye anawaleta wengine.

Nyimbo mbili za kwanza hazikustahili safari ya mama yule. Mwimbaji alifungua kinywa tu, na sauti ilitoka katika mashine, wimbo ulionaswa zamani. Watu waliinua simu zao na kupiga picha. Hatumlaumu sana kijana kwa hilo, maana wapigaji vyombo hulipwa, na sono hukodiwa kwa bei kubwa. Lakini tiketi ilisema kwamba ataimba. Aliyelipa ili asikie mtu akapewa mashine amepunjwa, kama vile aliyenunua kilo ya maharage akapimiwa robo tatu.

Wimbo wa tatu ulikuwa kitu kingine. Aliketi, akashika gita, akaimba habari za shamba la maharage lililoachwa mlimani: maharage yamekomaa, hakuna wa kuyavuna, na mwenye shamba anasimama kwenye foleni kupewa kikombe cha maharage ya watu wengine. Hakutaja jeshi lolote wala chama chochote. Hakulia wala hakupiga kelele. Alitaja jembe, kisiki, na jiwe ambalo watoto walikuwa wakikalia. Hapo ukumbi wote ulinyamaza. Mama yule alishika ukingo wa kitenge chake, akatazama chini.

Twausifu wimbo ule kwa sababu mbili. Kwanza, mtungaji alichagua vitu vidogo ambavyo kila mkulima avijua, akaviacha vifanye kazi yao. Pili, aliimba kwa Kiswahili cha Goma kama watu wanavyokisema sokoni, wenye kuongeza "-aka" mwisho wa kitendo kwa jambo la kila siku. Walimu wengine wa shule watasema Kiswahili hicho ni kibovu. Sisi pia tulifundishwa Kiswahili cha vitabu, nasi twakipenda. Lakini mtu anapolilia shamba lake, halilii kwa sarufi ya Unguja. Neno "tulilimaka" katika wimbo ule lilibeba miaka mingi ya kulima; "tulilima" lisingaliweza kuibeba.

Kisha, kabla ya beti ya mwisho, mwimbaji akalitaja jina la mfanyabiashara mmoja aliyekaa mbele. Akalitaja mara tatu, na sifa zake, na duka lake. Yule bwana akainuka, akambandika noti za dola kwenye paji la uso. Watu wakashangilia. Baada ya hapo mwimbaji hakurudi tena shambani; alipita moja kwa moja katika wimbo wa kucheza. Mama yule alimgeukia mwana wa ndugu yake akauliza polepole, "Juu ya nini amekata ile wimbo?" Kijana hakuwa na la kujibu.

Desturi hii huitwa kutupa mabanga, yaani kutupa mawe, na imetokea Kinshasa. Mwimbaji humtaja tajiri katika wimbo, na tajiri humlipa. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mtungaji wa Goma hapati mengi kwa nyimbo zake. Nyimbo huenda bure kutoka simu hata simu, na mtoto wake anahitaji kula. Hata watungaji wa zamani waliwasifu wafalme wakapewa ng'ombe. Lakini sifa ina mahali pake. Aimbe wimbo wa sifa waziwazi, mwanzo au mwisho, na kila mtu atajua ni sifa. Kuutia katikati ya kilio cha mjane ni kuuza kitu kisicho chake. Maana wimbo ule, tangu mama yule aliponyamaza, haukuwa tena mali ya mtungaji peke yake.

Mtu asidhani kwamba twakuza jambo dogo. Katika mji wetu maneno ya wimbo yana uzito. Februari 2014, miezi michache baada ya vita vya 2013, tamasha la Amani lilianza katika uwanja wa Chuo Mwanga, na kwa siku tatu watu wa makabila mengi walisimama pamoja mbele ya jukwaa moja. Na tarehe 13 Februari 2025, majuma mawili tu baada ya M23 kuutwaa mji, Delcat Idengo, mtungaji kijana aliyejulikana kwa maneno makali, aliuawa kwa risasi hapa Goma. Pande zinazopigana zilitupiana lawama. Sisi hatukubali kila alichokiimba, lakini twaona wazi kwamba neno la mtungaji laweza kumgharimu uhai. Basi yamkinije neno lenye thamani hiyo kukatwa kwa noti chache?

Tena wengine husema: wakati wa mateso si wakati wa konseri. Twawajibu kwa upole: mwulizeni mama wa Bulengo. Kambi yake ilivunjwa Februari 2025 pamoja na nyingine, na watu walibeba maturubai yao mgongoni. Chakula, maji na blanketi ndivyo vya kwanza, hatubishi. Lakini alipopewa kikombe cha maharage alihesabiwa kama mdomo wa kulishwa. Katika wimbo ule alihesabiwa kama mwenye shamba.

Basi twatoa mashauri matatu. Kwa watayarishaji: anzeni kwa saa iliyoandikwa, maana msikilizaji wa Keshero hurudi kwa miguu gizani, na mpunguzeni ngurumo ya sono ili neno lisikike. Kwa wasikilizaji: wekeni simu chini walau kwa wimbo mmoja, na msishangilie noti kuliko wimbo. Kwa mtungaji, ambaye kipaji chake ni cha kweli nasi twamtakia maisha marefu: hujafika mwisho wa wimbo ule. Beti ya mwisho bado ni deni, na anayekudai ni mama mmoja mwenye kitenge, ambaye hana noti ya kukubandika. Deni la mkulima hulipwa kwa mavuno. Rudi shambani, ndugu, ukavune.