Kilo Tano Zinazopotea Juani

Bango lilikuwa zuri, halina ubishi. Kwenye banda moja la Nane Nane, mwanachuo wa biashara ya kilimo alionyesha mchanganuo wa ekari moja ya matikiti: idadi ya mashina, matunda mawili kila shina, bei ya sokoni, faida ya mamilioni. Wageni wakapiga makofi. Kenya walipiga makofi kama hayo kwa ufugaji wa kware, mpaka mwaka 2014 mayai yakakosa wanunuzi.

Na kwa mabango ya namna hii vijana wanachagua shahada.

Anayetaka kujua kama shahada ya biashara ya kilimo inamfaa aachane na matikiti, ashike mahindi. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi asilimia 13.5 inayotakiwa Afrika Mashariki, hubaki na kilo 94 na ushee. Kilo tano zimekwenda na jua, hakuna aliyeiba. Aliyenunua kwa shilingi 600 kilo, kwa kweli kanunua kwa 633, na hapo bado ushuru, kuli na lori. Hesabu hiyo ndiyo biashara yenyewe, na wapo wanaovaa joho bila kuifanya hata mara moja.

Madalali wakongwe wa soko la mahindi la Kibaigwa huifanya kwa meno. Punje ikipasuka kwa mlio, mzigo mkavu. Ikibonyea, bei inashuka kimyakimya. Tena mkono huzamishwa guniani mpaka kiwiko, kwa sababu wajanja huanika ya juu tu, ya katikati wakayaacha mabichi. Kwenye pamba humwagwa maji na mchanga. Kwenye korosho hutiwa kokoto. Chuo ambacho mwanafunzi wake hajawahi kuzamisha mkono guniani, majengo yake yasimbabaishe mtu.

Anayependa mbegu na udongo asome agronomia. Anayeona haya kubishania shilingi 20 asome kitu kingine kabisa: shilingi 20 kwenye semi ya tani 30 ni laki sita. Stakabadhi ghalani nayo, ambayo sheria yake ni ya 2005, haifundishiki darasani. Ifundishwe ghalani, basi.

Zamani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilipoanza kusimama chenyewe mwaka 1984, mhitimu alitazamia Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC), bodi ya mazao au chama kikuu cha ushirika. Huko karani mzee alimweka kwenye mizani kabla ya kumpa kiti. Siku hizi mtu anatoka chuoni na kompyuta mpakato moja kwa moja kwenda kushauri wakulima.

Pale bandani, makofi yalipoisha, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alimwuliza mwanachuo kwa upole kama matikiti yake atayauza kwa idadi au kwa kilo. Kijana akageuka kulitazama bango.