Habari Inapogeuka Somo: Uhakiki wa Uanahabari na Ujifunzaji Mtandaoni kwa Kurejelea Rusizi, Rwanda

Utangulizi

Katika wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, mtoto huzungumza Kinyarwanda nyumbani na hufundishwa kwa Kiingereza shuleni. Katika biashara na Bukavu, ng'ambo ya mto, Kiswahili ndicho kinachotumika. Bunge la Rwanda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lilitambua hali ambayo wachuuzi wa mpakani waliizoea zamani. Makala haya yanahakiki kazi ya ualimu ambayo vyombo vya habari vimejitwika mtandaoni. Hoja yake ni kwamba habari ikigeuzwa somo hupoteza tarehe yake, na pamoja na tarehe hupoteza wajibu wa kujisahihisha.

Gharama ya kinachotolewa bure

Mfano mzuri ni Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, toleo la Kiswahili la mradi ulioanzishwa na Deutsche Welle mwaka 2008 kwa lugha sita. Kwa michezo ya redio na makala za sauti, mradi huo uliwaelimisha vijana wa Afrika kuhusu afya, siasa, mazingira na uchumi. Sauti na miswada yake viliwekwa mtandaoni vipakuliwe bila malipo. Ubora wake haupingiki: mwalimu aliyekosa vitabu vya Kiswahili alipata matini yenye mazungumzo ya kawaida, ya kusikilizwa na kusomwa.

Hata hivyo, neno "bure" linahitaji kupimwa. Hadi Machi 2015, Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo ya masafa mafupi mjini Kigali. Kilipofungwa, tegemeo likawa redio washirika za FM na intaneti. Msikilizaji wa masafa mafupi alihitaji redio na betri tu. Anayepakua anahitaji simu janja, umeme na bando. Gharama ya kulifikisha somo imehama kutoka kwa mtangazaji hadi kwa mwanafunzi. Tathmini inayohesabu masomo yaliyopo mtandaoni bila kuhesabu bei ya bando haijaeleza ni nani aliyefundishwa.

Fundisho la Juni 2020

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi, na ulidhihirika wakati wa UVIKO-19. Shule za Rwanda zilifungwa Machi 2020, na Bodi ya Elimu ya Rwanda ikapeleka masomo redioni, kwenye televisheni na YouTube. Mwanzoni mwa Juni wakazi wa Rusizi waliamriwa kubaki majumbani, ilhali sehemu nyingi za nchi zilikuwa zikilegezewa masharti. Kwa familia hizo, habari na somo vilipitia chombo kilekile.

Tarehe 5 Juni, Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake. Awali lilipendekeza barakoa hasa kwa wagonjwa na wanaowahudumia. Sasa lilizishauri serikali zihimize umma kuvaa barakoa za kitambaa pale ambapo kukaa mbalimbali ni vigumu. Rwanda ilikuwa imekwisha kuagiza barakoa tangu Aprili. Msomaji wa habari mtandaoni aliweza kulinganisha tarehe akajua ushauri upi umepitwa. Somo la afya lililorekodiwa Machi, likahifadhiwa simuni na kurushwa kutoka simu hadi simu, lingeendelea kufundisha ushauri wa zamani kwa sauti ileile ya uhakika.

Uanahabari una desturi ya tarehe, chanzo na masahihisho. Elimu ina desturi ya maswali, mazoezi na mwalimu anayerudia pasipoeleweka. Zinapokutana, kila moja huelekea kuacha desturi yake bora nyuma.

Huenda ikadaiwa kwamba hesabu na sarufi hazichakai. Ni kweli, lakini vyombo vya habari hupenda kufundisha yanayochakaa: afya, uraia, biashara. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Februari 2025 kundi la M23 liliiteka Bukavu. Somo kuhusu kuvuka mpaka lililotungwa kabla ya matukio hayo linaweza kumponza mama anayebeba kapu la nyanya daraja la Rusizi.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, tarehe ya somo itamkwe ndani ya sauti yenyewe, kwa kuwa faili likisambazwa huachana na ukurasa wake. Pili, redio za jamii, ikiwemo ile ya Rusizi iliyo chini ya Shirika la Utangazaji la Rwanda, zipewe miswada pamoja na idhini ya kuirekebisha na kupokea maswali ya wasikilizaji. Tatu, wafadhili wasitosheke na idadi ya upakuaji. Waulize ni makosa mangapi yaligunduliwa, na masahihisho yaliwafikiaje waliokwisha kusikia kosa.