Karti ya zamani, karti mupya: tunapima na kipimo gani?



Mwaka uliopita nilikuwa na dola 80 niliyoweka juu ya urea. Mahindi yangu ilikuwa imefika ku magoti. Lakini mutu mumoja akanionyesha karti grafiki: "GTX 1050 Ti, giga ine, mupya, iko na karto yake." Nikajiambia urea inaweza kungoja juma mbili. Nikaingiza karti ndani ya ordinatere, jina ikatokea vile ilipaswa kutokea, nikafurahi. Kisha nikafungua picha za shamba, zile za drone, mashine ikazima. Nikaiwasha tena, ikazima tena.

Rafiki akanipatia programu ya bure inaitwa GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo inatambua karti za uongo, na mbele ya jina ya karti yangu iliandika neno moja: FAKE. Ndani ya ile GTX 1050 Ti ya 2016 kulikuwa chipu ya GTX 550 Ti ya 2011. Walibadilisha etiketi na programu ya ndani, basi. Mahindi nayo haikungoja. Ilikuwa manjano.

Siseme hii juu munihurumie. Ninaisema juu kosa yangu njo kosa tunafanya wengi tukilinganisha karti: tunaangalia mwaka, tunaangalia giga, tunaangalia jina. Bitatu byote binaweza kudanganya, hata kama hakuna mwizi.

Tuanze na mwaka. GT 1030 ilitoka 2017 na memoire ya aina ya GDDR5, yenye kupitisha giga 48 kila segonde. Mu 2018 ikatoka GT 1030 ingine, jina moja, giga mbili vilevile, lakini na memoire ya DDR4: giga 16,8 tu kwa segonde. Ile ya nyuma njo ya polepole! Muuzaji hana hata lazima ya kusema uongo, anasoma tu kile kimeandikwa ku karto.

Giga nayo? Niseme kama mutu wa mashamba: giga ni ukubwa wa gala, haiko wingi wa mavuno. Gala ikiwa ndogo, mavuno inabaki inje, ni kweli. Lakini gala kubwa haiongeze hata gunia moja.

Wapimaji wa ku intaneti wanaenda mbali kuliko sisi, wanahesabu picha ngapi karti inatoa kwa segonde. Hesabu zao sizikatae. Ninachokataa ni namna tunazisoma. Tutwae karti tatu za Nvidia. GTX 1080 Ti ya 2017: giga 11, wati 250. RTX 3060 ya 2021: giga 12, wati 170. RTX 4060 ya 2023: giga 8, wati 115. Mu michezo ya kawaida hizi tatu ziko karibu-karibu, na 1080 Ti, ile muzee, mara nyingi inapita 3060 kidogo. Ukiishia hapo utasema: nitwae ya zamani, bei iko chini.

Sasa ongeza umeme wetu. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 iko na wati-saa 1 200. Kama ni batri ya risasi, haifae kuishusha chini ya nusu, tunabakia na 600. Tuhesabu karti peke yake ikifanya kazi na nguvu yote, bila ordinatere na bila kile konvertisere inakula: 1080 Ti inamaliza zile 600 kwa masaa mbili na dakika 24, 4060 inapita masaa tano. Kazi karibu sawa, masaa mara mbili. Wapimaji wanaandika wati pia, lakini ku mwisho, kama kitu kidogo. Kwetu, siku ya delestaje, ilipaswa kuwa mustari wa kwanza.

Tena 1080 Ti na ndugu zake za familia ya Pascal, Nvidia ilisimamisha programu mupya za michezo juu yao mu Oktoba 2025. Zinabakia na marekebisho ya usalama tu, mupaka Oktoba 2028.

Basi mupya inashinda kila mahali? Hapana. Chuo Kikuu cha Makerere, kule Uganda, kilitoa picha 21 367 za majani ya mihogo ili mashine zifundishwe kutambua magonjwa. Sisi wakulaji wa sombe, ile kazi inatugusa. Ku Kaggle, mahali picha hizo ziko, wanaazimisha karti bure, kwa masaa yenye mupaka: P100 ya 2016 na T4 ya 2018. Mu hesabu za biti 32, P100 inafanya trilioni 9,3 kwa segonde, T4 trilioni 8,1. Muzee anashinda. Lakini mu hesabu za biti 16, P100 inaishia karibu trilioni 19, na T4 inaweza kufika 65, tena kwa wati 70 mbele ya wati 250. Kama programu yako haijue kutumia biti 16, ule umupya wote unakuwa bure.

Njo maana swali "gani iko nguvu kuliko ingine?" haina jibu. Mbele ya kutoa feza, andika mistari tatu: ninafanya kazi gani, na programu gani, na umeme gani. Kisha omba muuzaji afungue GPU-Z mbele ya macho yako. Akikataa, rudi nyumbani na feza yako. Ukiona tundu la VGA ku karti yenye kuitwa 1050 Ti, shuku.

Miye sasa ninafanya kazi na karti ya kuazima, usiku, wakati megabaiti ziko bei ya chini. Na urea ya mwaka huu nimekwisha kuinunua.