Sifa za Mshona Nyasi

Nyasi za kweli zina neema moja tusiyoisifu vya kutosha: zichomwe, zikanyagwe, zifukuliwe na mbwa, mvua ikinyesha hujirudia zenyewe. Nyasi bandia hazikujaliwa hilo. Tundu lililotokea Januari utalikuta Desemba, na huenda limekwisha kupanuka. Muuzaji hukuahidi kwamba hutamwagilia, hutafyeka wala hutapalilia, na hapo hasemi uongo. Asichokwambia ni kwamba zulia lake likiumia halijiponyi. Linamngoja binadamu, na binadamu huyo ndiye ninayetaka kumsifu leo.

Zulia hili ni mzawa wa Marekani. Mwaka 1964 lilitandikwa katika shule ya Moses Brown, mjini Providence, na mwaka 1966 likaingia Astrodome, Houston, uwanja wenye paa ambamo nyasi hai zilikufa kwa kukosa mwanga. Baadaye likahamia majumbani, hasa katika miji ya jangwani kama Phoenix na Las Vegas, ambako kila tone lina hesabu. Julai 2022, Ziwa Mead, linaloinywesha Las Vegas, lilishuka hadi kina ambacho halikuwahi kufikia tangu lilipokuwa likijazwa miaka ya 1930. Mwenye nyumba wa huko akichagua nyasi za plastiki, tusimcheke haraka.

Lakini jangwa lile lile lililomnyima maji lina jua kali, na jua hilo lina mshirika asiyeshukiwa: dirisha. Madirisha ya kisasa ya vioo viwili, yaliyopakwa utando wa kurudisha joto, hurudisha nje sehemu kubwa ya miali. Kioo kikibonyea kidogo kwa tofauti ya hewa, huikusanya miali hiyo mahali pamoja. Majani ya zulia ni ya polietilini, ambayo huyeyuka kati ya nyuzijoto 105 na 130 za Selsiasi. Hapo utaona mchirizi uliopinda katikati ya ua, majani yamejikunja na kushikana, yanang'aa, na ukiyagusa ni makavu kama ukoko. Mwenye nyumba hulaumu kiwanda. Fundi anayeijua kazi yake huuliza kwanza jua linapita wapi saa nane mchana, kisha hugeuka kutazama kioo. Mpaka dirisha liwekewe wavu kwa nje, haoni sababu ya kugusa kisu, kwani kiraka atakachotia leo kitaungua kiangazi kijacho.

Ndivyo anavyofanya kwa kila jeraha. Penye bonde, hulifunua zulia, akaongeza kokoto laini na kuzishindilia, maana kuziba juu ya shimo ni kujidanganya. Pale mbwa alipofukua, hutafuta kama kiungo kilikuwa kimeachia, kwa sababu mbwa hupenda kuanzia penye ukingo ulioinuka. Penye alama ya kaa la jiko la nyama, hushauri jiko lihamishwe.

Ndipo huja kazi ya mkono. Huondoa mchanga uliojazwa kati ya majani, akalifunua zulia na kulikata kwa mgongoni, akifuata njia nyembamba iliyo kati ya mistari ya mshono. Akikata kwa juu, kisu hufyeka majani mazima, na ukingo ukawa na kipara kisichofichika. Kipande kilichoharibika hakitupi papo hapo. Hukifanya kipimo cha kukatia kiraka. Kisha hupitisha kiganja juu ya majani kujua yamelalia upande gani. Kiraka kikiwekwa kinyume, hata kama kimetoka kwenye bunda lile lile, mwanga utakipiga vingine na kitaonekana kama cha rangi nyingine. Fundi cherehani anayeunga kitenge maua yasikatike angemwelewa bila kuelezwa.

Chini ya kiungo hulaza utepe mpana, nusu huku nusu kule, akapaka gundi na kushusha kingo taratibu, huku vidole vikiyachambua majani yasizame humo. Huweka uzito juu, akasubiri gundi ikauke, akarudisha mchanga na kuyasugua majani kwa brashi ngumu mpaka yasimame.

Bado kuna rangi. Zulia lililopigwa jua kwa miaka limefifia, na kiraka kipya kitatangaza upya wake kwa kila mgeni. Kwa hiyo fundi hukata kiraka cha zamani kutoka kona isiyotazamwa, nyuma ya banda au pembeni mwa ukuta, akakileta mbele. Kile kipya hukipeleka kule kujaza pengo. Kwa jicho la haraka ni kazi maradufu. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi ulipo: anaujua ua mzima, si tundu peke yake.

Wapo wanaosema plastiki haina haki ya kuitwa nyasi, na hoja zao nazikubali nyingi. Zulia hili huwaka joto mchana, halilishi mdudu, na likichoka haliozi. Lakini hilo la mwisho ndilo linalompa fundi uzito. Kitu kisichooza kikishatengenezwa, heri kidumu mahali pake kuliko kung'olewa kizima na kutupwa jalalani kwa ajili ya doa la ukubwa wa sahani.

Siku hizi zulia hili limefika hata kwenye roshani za Nairobi na Dar es Salaam. Ukitandikiwa lako, usiwaache mafundi waondoke na vipande vilivyobaki. Vitandike nyuma ya tangi la maji, vipigwe na jua hilo hilo. Likiharibika, mwite wa kuziba kabla ya wa kung'oa. Na akimaliza, ukakosa kupaona alipogusa, usimpunguzie ujira.