Gia Huchaguliwa Juu ya Mlima

Ukikaa Ngaramtoni, lori lenye mzigo unalisikia kabla ya kuliona. Linatoka Arusha kwenda Namanga, linapandisha ubavu wa magharibi wa Mlima Meru kuelekea Oldonyo Sambu, na mlio wake unakwambia nani ameshika usukani. Dereva mgeni hungoja injini itetemeke ndipo atafute gia, na hapo mwendo umeshakufa. Mzoefu hushusha gia mapema, injini ingali na nguvu.

Kwenye giaboksi za kizamani, klachi hukanyagwa mara mbili: ya kwanza kutoa gia, kisha unaiachia ukiwa nyutro, unagusa mafuta, ya pili kuingiza gia ya chini. Yale mafuta kidogo ndiyo yanayolinganisha mwendo wa meno. Yakizidi au yakipungua, chuma kinalia na barabara nzima inajua. Kiasi chake hakisomwi kwenye dashibodi. Utingo hukipata kwa sikio, safari baada ya safari, huku kazi yake ikiwa kugonga matairi, kufunga turubai na kutia jiwe nyuma ya gurudumu. Malipo ni haba, hilo halina ubishi, lakini siku anapopewa usukani wa gari tupu kwenye tambarare, nusu ya ufundi tayari anayo.

Nusu ya pili ni kuteremka, na hapo ndipo ninapowavulia kofia madereva hawa. Sheria inaruhusu lori na tela lake kufika tani 56. Kwa uzito huo, breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Inabidi injini ndiyo izuie magurudumu, kwa gia ndogo iliyowekwa kabla mteremko wa kwenda Longido haujaanza. Ukikumbuka katikati umechelewa: klachi ikikanyagwa lori linakuwa huru, linakimbia, na gia unayoitaka inakataa kuingia. Kwa hiyo dereva wa kweli hupunguza mwendo pale juu, barabara ikiwa bado nyoofu na wenye haraka nyuma yake wakimpigia honi.

Malori mapya mengi hujibadilishia gia yenyewe. Lakini Fuso kuukuu inayoshusha nyanya kutoka Ngarenanyuki bado inategemea mguu na sikio la kijana, na matenga yakifunguliwa sokoni Kilombero, mjini Arusha, mama mwenye mzigo huangalia nyanya za chini kwanza, halafu humwangalia dereva.