Herbie Taylor mbele ya mkono wa Barnes

Desemba 1913, katika uwanja wa kriketi wa Lord's mjini Durban, Afrika Kusini walitolewa wote kwa mikimbio 182. Mia moja na tisa kati ya hiyo alipiga nahodha wao, Herbie Taylor, kijana wa miaka 24. Wenzake kumi, hata ukiwajumlisha, hawakumfikia.

Aliyewasumbua ni Sydney Barnes, mrushaji wa Uingereza wa miaka 40. Katika michezo 4 aliyocheza ya mfululizo ule wa Uingereza na Afrika Kusini alichukua wiketi 49, na hadi leo hakuna mrushaji aliyefikisha idadi hiyo katika mfululizo mmoja. Mazingira nayo yalimbeba. Afrika Kusini ya wakati huo ilicheza juu ya mkeka uliotandikwa kwenye udongo mgumu. Mkeka huushika mpira, ukadunda juu na kukata kona ghafla, na Barnes aliweza kuugeuza kulia au kushoto bila kupunguza kasi. Mpigaji aliyenyoosha mguu mbele kuufuata alikuwa amekwisha.

Taylor alirudi nyuma, na kwangu mimi ufundi wake wote umo katika hatua hiyo. Alianza kuusoma mpira ungali vidoleni mwa Barnes, akaufuata kwa macho mpaka ulipotua, kisha akavuta mguu kuelekea wiketi zake na kuuacha umalize kugeuka. Ndipo gongo, likiwa wima, lilipoupokea chini ya pua yake. Hatua moja tu, lakini ilimwongezea chembe ya muda ambayo wenzake hawakuwa nayo. Kurudi nyuma si siri. Kila mpigaji anajua. Tatizo ni miguu: mzito akirudi nyuma hunaswa mbele ya wiketi zake mwenyewe. Taylor alikuwa mwepesi, na hakuwa na pupa.

Katika ziara ile nzima ya Afrika Kusini Waingereza walishindwa mara moja tu, na timu ya Natal, ambayo Taylor aliipigia 91 na 100. Mfululizo wa timu za taifa wenyewe aliupoteza, michezo minne kwa bila na sare moja. Tena timu yake ya taifa ilikuwa ya Wazungu peke yao; wapigaji wengine wa nchi ile hawakupewa hata nafasi ya kumkabili Barnes.

Baadaye mkeka ulimwacha, ufundi haukumwacha. Mwaka 1929, akiwa na miaka 40, alipiga 121 kwenye nyasi za The Oval, London.