Anayesomea leseni ya abiria apewe vitenzi, si majina ya kukariri

MJI wa Busia umewahi kuipa lugha yetu neno ambalo leo linatumika kutoka Mombasa hadi Kampala na Dar es Salaam. Wachukuzi wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda waliita wateja kwa sauti ya “boda, boda”. Neno lilitokana na Kiingereza cha mpaka, Kiswahili kikalimeza, na sasa hata bungeni linatamkwa bila kigugumizi. Halikutungwa na kamati yoyote.

Nalitaja kwa sababu wiki hii nahakiki lugha wanayoitumia madereva wa Busia na Malaba wanapojiandaa kwa mtihani wa leseni ya kubeba abiria. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa barabarani. Dai hilo halina mashiko.

Kwanza tuuelewe mtihani wenyewe. Chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), leseni za abiria zimegawika: D1 ni ya gari la abiria wasiozidi 14, D2 ni ya basi dogo, na D3 ni ya basi kubwa la abiria 33 kwenda juu. Dereva huhitaji cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na katika mafunzo yake amekwisha kupitia alama za barabarani, kile kigari cha kuchezea kwenye ubao wa mji, na gari lenyewe. Vitabu vinavyopatikana kwa wingi ni vya Kiingereza. Mwalimu huvifafanua kwa Kiswahili cha kuchanganya, kisha mwanafunzi hurudi nyumbani na orodha ya majina ya kukariri: hii ni “givuwei”, ile ni “no ovateki”.

Tatizo la kwanza liko hapo. Jina la alama halimwambii dereva afanye nini. Mwulize mtahiniwa maana ya “givuwei”, wengi watajibu: “Ni kupeana njia.” Jibu linasikika tamu, lakini lina kasoro ya sarufi ambayo barabarani huua. Kiambishi -an- huonyesha kutendeana. Tukipeana njia, mimi nakupa na wewe wanipa. Nani basi atangulie? Sheria haisemi tupeane. Inasema mmoja asubiri, mwingine apite. Kitenzi chake ni kupisha: “Mpishe anayetoka kulia.” Kwa neno moja, dereva anajua nani anapisha na nani anapishwa.

Utajiri wa Kiswahili unaanzia kwenye mzizi huo. Kutokana na pita tunapata pisha, yaani kumwachia mwingine nafasi atangulie. Tunapata pishana, yale magari mawili yanayokutana yakitoka pande tofauti. Tunapata pitana, pale magari ya upande mmoja yanapoachana mbele na nyuma. Kuna pia pitiliza, lile kosa la kumpeleka abiria mbele ya steji yake huku akipiga kelele, “Dere, shukisha!” Mzizi ni mmoja na matendo ni manne, kila moja likiwa na kanuni yake. Mwanafunzi aliyezaliwa katika lugha zetu za Kibantu huushika mfumo huu upesi, na Mteso wa Malaba aliyekulia na Kiswahili cha soko vilevile.

Hata hivyo, nisiwapambe wanaotafsiri kiholela. Baadhi ya karatasi za Kiswahili nazo zina hatari. Alama inayokataza kulipita gari lililo mbele utaikuta imefasiriwa “Usipite”. Lakini “usipite” pia ni tafsiri ya alama inayofunga njia kabisa! Dereva anayetoka Busia kuelekea Bumala akiambiwa “usipite”, asimame au aendelee polepole nyuma ya lori? Dawa ni silabi moja tu, kiambishi cha mtendwa: “Usilipite gari lililo mbele.” Hiyo -li- ndiyo inayotenganisha amri mbili. Ukikaribia Malaba na kuikuta foleni ya malori imetanda kilomita kadhaa, utaelewa kwa nini silabi hiyo si pambo. Anayetoka kwenye mstari kwa kukisia atakutana uso kwa uso na anayekuja.

Tena maumbo ya alama yana sarufi yake. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza, kwa hiyo lisomwe kwa usi-: usigeuke, usiegeshe. Duara la buluu huamrisha, nalo huchukua -e: ugeuke kushoto, ufuate njia hii. Pembetatu nyekundu iliyosimama hutahadharisha: kuna kona, kuna watoto. Mwanafunzi akifunzwa hivyo, hata alama asiyowahi kuiona ataanza kuisoma. Aliyekariri majina hataweza.

Wapo watakaosema dereva wa mpakani anahitaji Kiingereza kwa kuwa anavuka. Sikatai, Kiingereza ni mali. Lakini Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inaviweka Kiswahili na Kiingereza sawa kama lugha rasmi, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo 2021, na baraza la mawaziri la Uganda likafuata 2022. Anayevuka kwenye kituo cha pamoja cha Busia haachi Kiswahili upande wa Kenya.

Kuvuka kwenyewe kunatufunza kuchagua maneno. Watanzania huuita mzunguko wa barabara “kipilefti”, na wataalamu wakapendekeza kipitashoto. Ni neno zuri hapa, Uganda na Tanzania, ambako tunaendesha kushoto. Basi litokalo Nairobi likapita Malaba au Busia hadi Kigali litafika mahali ambapo magari huendeshwa kulia, na pale mzunguko hupitwa kulia. Neno lililobeba mwelekeo tumboni litampotosha dereva aliyechoka usiku. Kwa dereva wa masafa marefu, “mzunguko” ni salama zaidi.

Vilevile tusijisumbue kuyafukuza maneno yaliyokwisha kukaa: breki, gia, klachi, honi, steji. Yanaeleweka, basi yatumike. Kazi ya mtaalamu iwe pale penye utata: pisha, lipite, mzunguko, egesha.

Pendekezo langu kwa NTSA na wakufunzi ni hili. Chapisheni mwongozo wa Kiswahili wa leseni ya abiria, lakini kabla ya kuuchapisha, usomwe kwa sauti kwenye steji za Busia na Malaba mbele ya madereva na makanga. Kila sentensi waulizwe: “Hapa utafanya nini?” Majibu yakitofautiana, sentensi ndiyo imeanguka mtihani, si dereva. Abiria 14 au 33 walioketi nyuma yake hawajali alikariri maneno mangapi. Wanataka ajue ni nani wa kumpisha.